Maswali ya Wasomaji: Breki, Buibui na Bodi ya Mtihani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Malindi na vitongoji vyake, na wengi walioandika wanajiandaa kwa mtihani wa leseni ya pikipiki. Tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Assalaam aleikum. Nina miaka 19, nakaa Kisumu Ndogo. Pikipiki nimefunzwa na ami yangu na naiendesha vizuri. Sasa nataka leseni ili niingie kwenye boda boda. Nianzie wapi, na nichukue daraja lipi?

Waaleikum salaam. Daraja A1 ni la vipikipiki vidogo visivyozidi cc 50. A2 ni la pikipiki ya kawaida, ya mtu kwenda kwa shughuli zake. A3 ndilo la wanaobeba abiria au mizigo kwa malipo, na tuktuk zimo humo. Wewe mwambie mwalimu tangu siku ya kwanza kwamba unataka A3. Wako wanaofanya A2 kwa haraka, kisha wanabeba abiria nayo. Siku ya ajali, bima inatazama kadi ya leseni kabla haijatazama pikipiki, na ikipata sababu ya kukataa kulipa haiiachi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Fungua akaunti ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na hakikisha majina yako yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Nenda chuo cha udereva kilichosajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Cheti cha usajili hubandikwa ofisini, ukiwa hukioni kiulizie. Utapimwa macho na afya, utachukua leseni ya muda ya mwanafunzi, utafunga bango la L mbele na nyuma, na chuo kitakuombea siku ya mtihani. Ukiwa na bango la L usibebe mtu, hata mdogo wako hadi msikitini. Mzigo wa mtu aliye hai unaegemea pale usipotaka, na wewe bado unajifunza kuegemea.

Sasa kuhusu ami. Hatuna neno naye, lakini ukifunzwa nyumbani unarithi na tabia za mwalimu wako. Kabla ya kwenda chuoni jichunguze mambo matatu: je, unaendesha vidole vikiwa vimelalia klachi muda wote? Je, kabla ya kukata kona unageuza shingo, au unatazama kioo tu? Je, indiketa unaizima ukishamaliza kona? La tatu linaonekana dogo, lakini indiketa iliyosahauliwa inamwambia mwenye gari aliye kwenye makutano kwamba unakata kushoto, naye anaingia barabarani.

Nimeanguka mtihani wa vitendo kwenye ile nane ya kuzunguka madumu mawili. Mguu uligusa chini mara mbili, kisha injini ikazima. Nifanyeje? Mimi ni mwanamke, mrefu wa wastani, natumia Boxer.

Dada, nane huanza kuharibika machoni kabla ya kuharibika mikononi. Mtu anatazama tairi la mbele au dumu lililo karibu naye, na pikipiki inakwenda pale anapotazama. Ukiwa unazunguka dumu la kwanza, kidevu chako kiwe kimeshaelekea dumu la pili. Ni kidevu chenyewe tunachosema, maana ukigeuza macho peke yake mabega yanabaki nyuma na usukani unakuwa mzito.

Mikono nayo ina kazi yake. Tia gia ya kwanza. Achia klachi polepole mpaka uhisi pikipiki inavuta kidogo. Hapo ndipo inaposhika, na mkono wa kushoto utakaa hapo zoezi zima, ukiingia na kutoka kwa upana wa ncha ya kidole. Kwa mkono wa mafuta tafuta mlio mmoja ulio juu kidogo ya ule wa pikipiki iliyosimama, kisha usiuguse tena. Mwendo unauongoza kwa klachi na kwa breki ya mguu, uliyoikanyaga kidogo tu, moja kwa moja. Breki ile inaifanya cheni ibaki imevutika, na pikipiki haisukumi kwa kushtukia kila klachi inaposhika. Injini yako ilizima kwa sababu uliachia klachi yote huku mafuta yako chini. Mguu uligusa chini kwa sababu uliibana breki ya mkono usukani ukiwa umepinda. Hukuandika hivyo, lakini tunakisia, maana hilo ndilo linaloangusha wengi: kwa mwendo mdogo, usukani ukiwa umekunjwa, breki ya mbele inailaza pikipiki chini kama mbuzi anayechinjwa. Ndani ya nane, vidole vya mkono wa kulia visikae juu ya breki hiyo kabisa.

Kwa mazoezi, chukua madumu mawili tupu ya lita 20, uyaweke mita 6 baina yake kwenye uwanja mgumu. Zunguka mara 10 bila kuweka mguu chini, ndipo uyasogeze hadi mita 5, kisha 4. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Ukizidisha, mkono wa klachi unachoka na unaanza kujifunza makosa. Tena kabla ya kuondoka tazama stendi ya pembeni. Ikibaki chini na ukalala kushoto, inachimba ardhi na kuinua tairi la nyuma. Mtihani unaweza kuishia hapo.

Waendeshaji wa stejini kwetu Maweni wananiambia breki ya mbele nisiiguse, nitapinduka. Mwalimu anasema niitumie. Nimsikize nani?

Msikize mwalimu, lakini elewa pia wenzako wanaogopa nini, maana hawakulizua tu.

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake na wako unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na linashika zaidi. La nyuma linakuwa jepesi. Kwenye lami kavu, kiasi cha asilimia 70 ya nguvu za kusimama ziko mbele. Anayetegemea breki ya mguu peke yake anatumia sehemu ndogo ya uwezo aliokuwa nao, tairi la nyuma linajifunga, linateleza kando, na yeye anaendelea kwenda.

Kupinduka kunatokana na kuinyakua. Ule uzito unataka muda mchache kuhamia mbele. Ukiikamata breki ghafla, tairi linajifunga kabla halijakandamizwa, na tairi lililojifunga halina usukani. Kwa hiyo mkono wa breki ubonyeze kama unavyobonyeza embe kujua kama limeiva: kwanza kidogo, ulisikie, kisha zaidi, kisha zaidi. Utaratibu kamili uko hivi: rudisha mafuta, kanyaga breki ya mguu kidogo, bonyeza ya mkono kwa kuongeza, na klachi uivute mwishoni karibu na kusimama. Usukani uwe umenyooka na macho yawe mbali, si kwenye kile unachokikwepa.

Ikitokea tairi la mbele limejifunga, achia papo hapo na ubonyeze upya. La nyuma likijifunga na pikipiki ikaanza kwenda upande, usiachie kwa pupa, kwani likishika ghafla linaweza kukurusha juu. Shikilia, nyoosha usukani, usimame hivyo hivyo.

Huu hapa umbali wa kusimama kwenye lami kavu, breki zote mbili zikitumika vizuri, tukihesabu na sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujafanya kazi. Kwa kilomita 40 kwa saa ni mita 21 au 22. Kwa 50 ni mita 30. Kwa 60 ni mita 40. Kwa 80 ni mita 64, urefu wa mabasi matano yaliyofuatana na zaidi. Angalia kwamba kutoka 40 hadi 80 mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali umezidi mara tatu. Barabara ikiwa na maji, ile mita 30 ya kilomita 50 inakaribia 40. Mwendo wa mjini kisheria ni kilomita 50, na kwenye soko letu, na mikokoteni ile, hata hizo ni nyingi.

Fanya mazoezi kwenye sehemu tupu, kwa mwendo wa 20, halafu 30, halafu 40, mara 10 kila mwendo. Weka jiwe pale unapoanzia kubonyeza na jingine pale uliposimama. Baada ya siku tatu utaona mawe yanasogeleana.

Mimi ni mama wa Shella hapa Malindi. Kila siku napanda boda kwenda kazini, nami huvaa buibui. Juzi mwenzangu alivutwa nguo na gurudumu akaumia. Sisi tuvae nini, na hao vijana wafunzwe nini?

Pole kwa mwenzio, mama. Swali hili tungependa kila mwanafunzi wa leseni alisome, kwa sababu kwenye pwani hii abiria wa nguo ndefu ndiye wa kawaida.

Tairi la nyuma la pikipiki hizi lina mzunguko wa chini kidogo ya mita 2. Kwa kilomita 40 kwa saa linazunguka mara 6 kila sekunde. Pindo la buibui likipepea likanaswa na spoku au na meno ya sproketi, lile gurudumu la meno la cheni, katika sekunde moja limeshajizungusha kwenye ekseli mara kadhaa, na mwenye nguo anavutwa nyuma na chini. Kibaya zaidi ni mtandio au ncha ya ushungi, kwa kuwa ule unazunguka shingo.

Kabla ya kupanda, ncha za ushungi ziingize ndani ya buibui kifuani, kisha uvae helmeti juu yake. Fundo la nywele likiwa nyuma ya kichwa lishushe, vinginevyo helmeti inakaa kwenye fundo badala ya kukaa kwenye kichwa. Ndani vaa suruali, ili buibui uweze kulikusanya bila aibu. Panda kwa upande wa kushoto, ulio wa kando ya barabara. Ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia, na alama za moto kwenye mashavu ya miguu ya watu wa hapa nyingi zimetoka huko. Ukishaketi, kusanya kitambaa chote cha kulia ukikalie chini ya paja la kulia, cha kushoto hivyo hivyo, miguu iwe juu ya vikanyagio. Pitisha mkono nyuma ya kila goti: ukigusa kitambaa kinachoning'inia, bado hujamaliza. Ndipo umwambie dereva, "Twende."

Kukaa upande, miguu yote kushoto, tunakukataza kwa heshima zote. Uzito wote unakuwa ubavu mmoja, miguu haina pa kujikaza breki inapokamatwa, na pindo lote linaning'inia karibu na gurudumu. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa leso naye ni abiria wa pili. Sheria inaruhusu mmoja, na miguu ya mtoto ndiyo iliyo karibu zaidi na spoku.

Kijana wa boda, nawe una lako. India, zinakotengenezwa nyingi ya pikipiki hizi, sheria inadai kizuizi ubavuni mwa gurudumu la nyuma, kwa ajili ya sari. Ni kile kitu cha vyuma au plastiki kilicho upande wa kushoto, ambacho hapa wengi hukifungua wakaweka keria ya mizigo. Kirudishe. Kifuniko cha cheni nacho kikivunjika usikitupe ukaendelea hivyo hivyo. Usiondoke kabla abiria hajasema yuko tayari, hata wa nyuma yako wapige honi.

Nguo ikishanasa, dereva arudishe mafuta mara moja, avute klachi, na asimame kwa breki za taratibu. Asiongeze mwendo, wala abiria asiivute nguo. Injini izimwe, gia iwekwe fri, na gurudumu lirudishwe nyuma kwa mkono mpaka kitambaa kijifungue. Kikikataa, kikatwe kwa kisu.

Kwenye bodi ya mji wa mfano, ile ya mtihani yenye kigari cha kuchezea, nachanganyikiwa na raundabauti. Nani anapita kwanza?

Aliyekwisha kuingia. Wewe unayeingia unatazama kulia na kungoja. Ukikata kushoto au ukienda moja kwa moja, kaa laini ya kushoto. Ukikata kulia au ukirudi ulikotoka, ingia kwa laini ya kulia, indiketa ya kulia ikiwaka. Kabla ya kutoka, kwa njia yoyote uliyoichukua, washa ya kushoto.

Kile kigari cha kuchezea usikisukume kimya kimya. Mwambie mtahini unachofanya: "Nasimama hapa, ni alama ya kusimama, natazama kulia, kushoto, kulia tena." Na soma alama za njia ya upande mmoja kabla ya kuondoa kidole, maana watahini wanapenda kumtuma mtu mahali ambapo njia fupi hairuhusiwi.

Naendesha barabara ya Casuarina, ile ya ufuoni. Mara mbili nimeteleza, na mwendo haukuwa mkubwa. Tairi ni jipya!

Tairi jipya nalo lina hatia: ngozi yake ya kiwandani inateleza mpaka likwaruzike, kwa hiyo kilomita 100 za kwanza lilaze kidogo kidogo kwenye kona. Lakini zaidi ni mchanga unaopeperushwa juu ya lami, na majani ya mvinje, ambayo yakikauka yanaviringika chini ya tairi kama njiti.

Kwa mchanga mwembamba juu ya sehemu ngumu, kazi yote inafanywa kabla: punguza mwendo ukiwa bado kwenye lami safi, achia breki, kisha pita umenyooka, mafuta yakiwa yale yale. Kwa mchanga mzito, kama wa njia za ndani kuelekea Ganda, uzito rudisha nyuma kidogo, mikono ilegee, na uache tairi la mbele licheze linavyotaka. Anayelibana ndiye anayeangushwa. Mvua nazo, zile dakika 10 au 15 za mwanzo ndizo mbaya kuliko mvua yenyewe, kwa sababu oili na vumbi la miezi vinaelea. Kibanda kikiwa karibu, simama unywe chai. Ukishavuka dimbwi, kanyaga breki kidogo kidogo huku ukienda, ili ngoma za breki zikauke.

Nikitoka Malindi kwenda Mambrui, kwenye daraja la Sabaki upepo unanisukuma. Na malori je, niyapite vipi?

Ukielekea Mambrui bahari iko kuliani kwako, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, unakupiga kwa upande huo na kukusukuma kwenye ukingo. Ukirudi mjini unakupiga kushoto na kukusukuma katikati ya barabara, palipo na magari yanayokuja. Safari ya kurudi ndiyo ya kuogopa zaidi, ingawa wengi hulalamikia ya kwenda.

Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, punguza mwendo. Upepo ukitoka kulia, sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele kidogo; pikipiki italalia kulia, kinyume na upepo, na itakwenda sawa. Anayeanza huona ajabu, lakini ukipita kama kilomita 25 kwa saa, pikipiki yoyote inakata hivyo: ukisukuma kulia inalala kulia. Ukipishana na lori upepo unakatika ghafla, na ile nguvu uliyokuwa ukiipinga haipo tena, kwa hiyo unavutwa upande wake. Lijue hilo kabla halijafika.

Kulipita lori, tufanye hesabu. Lori linakwenda 60, wewe 80. Umeanzia mita 20 nyuma yake, lenyewe lina mita 12, na unarudi kushoto ukiwa mita 20 mbele. Una mita 52 za kulipunguza, na tofauti yenu ni kama mita 5 na nusu kwa sekunde. Zitapita sekunde 9 na zaidi, nawe utakuwa umekula mita 200 za barabara. Gari linalokuja kwa 80 nalo limekula 200 zake. Unahitaji zaidi ya mita 400 zilizo wazi, na pikipiki ya cc 100 yenye abiria haifiki 80 kwa kupenda. Huna nafasi hiyo, baki nyuma. Mstari usiokatika katikati ya barabara unakwambia hivyo hivyo.

Unapobaki nyuma, usikae pale ambapo huoni vioo vya dereva, kwani naye hakuoni. Chagua alama barabarani, na lori likishaipita hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukiifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha hesabu mpaka mia moja na nne. Tuktuk ni kesi nyingine: inasimama popote abiria aliponyoosha mkono, tena taa za breki za nyingi zimekufa. Tazama kandokando ya barabara mbele yake. Ukiona mtu ananyoosha mkono, tuktuk imeshasimama.

Natoka Hindi, huku kaunti ya Lamu, kwenda Mokowe usiku, nawahi boti ya alfajiri kwenda Lamu. Taa yangu ni hafifu na kuna ng'ombe na punda njiani.

Taa ya chini ya pikipiki inakuonyesha kama mita 40 hivi. Rudi kwenye hesabu ya breki hapo juu: kwa 60 unahitaji zote 40, hakuna akiba hata ya mkono mmoja. Kwa hiyo usiku 50 ndio mwisho, na taa ikiwa hafifu ni chini ya hapo. Macho ya ng'ombe yanang'aa akikutazama, lakini punda aliyekupa mgongo hana kinachong'aa.

Pikipiki nyingi ndogo taa yake inalishwa na injini moja kwa moja, ndiyo maana inafifia mlio ukishuka. Shuka gia moja, mlio upande, na utaona mwanga umerudi. Safisha kioo cha taa, kimejaa chumvi na wadudu. Ukibeba abiria au mzigo, sehemu ya nyuma inazama na taa inaelekea mitini, ikiwapofusha wanaokuja. Legeza skrubu ya taa uishushe. Ukipishana na gari lenye taa kali, macho yapeleke ukingo wa kushoto wa barabara mpaka lipite.

Helmeti ya bei nafuu na ya ghali zina tofauti gani? Zote ni ngumu.

Ugumu wa nje si kitu peke yake. Kinachookoa ubongo ni lile povu gumu la ndani, jamaa ya lile la maboksi ya barafu ya wauza samaki. Linapondeka ili kichwa kisipondeke, na likishapondeka limekwisha. Helmeti iliyogonga chini mtu akiwa ndani yake haitumiki tena, hata kama rangi haikukwaruzika. Ile ambayo ndani ina sponji laini tu, inayobonyea ukiigusa kwa kidole, ni kofia.

Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, au kibandiko cha viwango vya kimataifa, ECE 22.05 au 22.06, kwenye mkanda. Ivae, shika kidevu chake, itikise: mashavu yaende nayo. Funga mkanda, kisha jaribu kuivua kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa. Chini ya mkanda paingie vidole viwili. Kwa ile ya abiria weka kofia za kitambaa kadhaa za kubadilisha na kufua, maana wengi hukataa helmeti kwa jasho la mtu mwingine, nasi hatuwalaumu.

Cheni yangu inaliwa na kutu kila mwezi. Fundi anaipaka oili chafu ya injini. Ni sawa?

Si sawa. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba vumbi la chuma, na mchanga wa hapa unaipenda. Vikichanganyika vinasaga cheni kama msasa. Sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ipanguse ikauke, kisha tia oili ya gia, ile namba 90, kwa ndani ya cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Fanya hivyo kila kilomita 500, na ukipita ufuoni au kwenye maji ya chumvi, jioni ile ile.

Ulegevu upime katikati ya cheni ya chini: ikipanda na kushuka milimita 20 hadi 30 ni vyema, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu upime mahali kadhaa, na ufuate pale palipokaza zaidi. Cheni iliyokazwa mno ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo: abiria akipanda shokomzoba zinashuka, cheni inavutika, na beringi ya sproketi ya mbele inaumia polepole. Alama za pande mbili za ekseli ziwe namba moja, la sivyo gurudumu litakaa mshazari. Ukishakaza nati ya ekseli, jaribu breki ya mguu kabla ya kuondoka. Gurudumu limerudi nyuma, kwa hiyo breki nayo imekaza, na mafundi wengi husahau kuilegeza. Ukinusa harufu ya kuungua baada ya kilomita mbili, ndiyo hiyo.